Damu ya Zabibu: uchambuzi wa kisa cha kiwele kutoka Mbale

Zabibu ni mbuzi wa maziwa, chotara wa Toggenburg (mbegu ya mbuzi kutoka Uswisi), rangi ya kahawia na milia miwili myeupe usoni. Anaishi na wenzake 10 katika banda la juu nyuma ya nyumba ya Hajati mmoja, chini ya mwamba wa Wanale, mwendo wa dakika 20 kwa boda boda kutoka mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Huo ulikuwa uzao wake wa tatu. Siku ya 22 baada ya kuzaa mapacha, Hajati alinipigia simu.

"Dokta, Zabibu maziwa yamekata. Na watoto wake wanalia usiku kucha, majirani wanadhani nimeanza kuchinja."

Wiki iliyotangulia Zabibu alikuwa akitoa lita moja na nusu asubuhi, watoto wakiwa wameshanyonya. Siku ile Hajati alipata vikombe viwili vya chai, basi.

Naandika kisa hiki kwa sababu nilidhani nimekielewa mapema, na kilichonipotosha kilikuwa kipimo kizuri, kilichofanywa vizuri, chenye majibu ya kweli.

Nilichokikuta bandani

Nilifika kabla ya adhuhuri. Kiwele kilikuwa laini, hakina joto la kutisha wala donge, na chuchu zote mbili safi. Tezi zilizo nyuma, juu ya kiwele, zilikuwa sawa kulia na kushoto. Joto la mwili 39.6. Mbuzi mzima huwa kati ya 38.5 na 39.5, na jua likipanda naye hupanda kidogo, kwa hiyo neno homa sikuliandika. Nilikamulia michirizi ya kwanza juu ya kitambaa cheusi: hapakuwa na mabonge, hapakuwa na damu. Anayetegemea macho peke yake angesema kiwele ni kizima, kisha akaenda kulaumu majani.

Nikatoa sahani ya kipimo cha California, kinachofichua ugonjwa wa kiwele ambao macho hayauoni. Ni ya plastiki, ina vikombe vinne, maana kipimo hiki kilitungwa mwaka 1957 kwa ajili ya ng'ombe. Kwa mbuzi na kondoo unatumia viwili tu. Unakamua kidogo kutoka kila upande, unaongeza dawa yake ya zambarau kiasi hicho hicho, unazungusha mkono polepole. Dawa yenyewe ni jamii ya sabuni. Hupasua seli zilizomo kwenye maziwa, hasa seli nyeupe za ulinzi ambazo huwa nyingi kiwele kikiugua, vinasaba vinamwagika, maziwa yanakuwa mazito. (Ukiishiwa na dawa, sabuni ya unga ya kufulia, gramu 3 kwenye mililita 100 za maji, hufanya kazi hiyo hiyo, ila bila rangi ya kukusaidia kusoma.) Kikombe cha kushoto kilibadilika kidogo, kama maziwa yaliyoingiwa na unga. Cha kulia kilijikusanya katikati kama ute wa bamia na kikakataa kutawanyika. Nikaandika: kushoto daraja 1, kulia daraja 2, na la juu kabisa ni 3.

Angekuwa ng'ombe ningefunga daftari hapo. Kwa mbuzi mambo hayaendi hivyo. Seli za kiwele cha mbuzi zinapotoa maziwa humegeka nchani, na vile vipande visivyo na kiini huelea kwenye maziwa ya mbuzi mzima kabisa. Mashine inayohesabu kwa kuangalia ukubwa tu huvihesabu kama seli nyeupe. Sahani ya California haidanganyiki navyo, kwa kuwa havina vinasaba, lakini hata seli za kweli huwa nyingi kwa mbuzi kuliko kwa ng'ombe, na huzidi anapotaka dume au maziwa yanapoelekea kukauka. Ndiyo maana Marekani hukubali maziwa ghafi ya mbuzi yenye seli hadi 1,500,000 kwa mililita, ilhali ya ng'ombe na ya kondoo mwisho ni 750,000. Kwa mbuzi, daraja 1 karibu si habari. Daraja 2 upande mmoja, mwenzake akiwa tofauti, hapo pana neno.

Nilipangusa chuchu kwa spiriti, nikatupa michirizi ya kwanza, nikachukua maziwa ya kila upande kwenye chupa yake kwa ajili ya kuoteshwa maabara. Halafu nikaamua kuchukua na damu.

Kwa nini damu

Majibu ya kuotesha vijidudu huchukua siku kadhaa, na sahani kwa mbuzi huhitaji shahidi wa pili. Nilitaka kitu kitakachoniambia jioni ile ile kama mwili wa Zabibu unapigana au haupigani.

Mnyama akishambuliwa popote mwilini, seli za ulinzi hupeleka ujumbe kwenye ini, na ini hubadilisha ratiba yake ya kazi. Hupunguza kutengeneza albumini, ile protini kuu ya damu, huanza kumwaga protini nyingine kwenye damu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na protini hizi ndizo mbiu yenyewe. Tatu ndizo zinazotajwa sana. Amiloidi A ya seramu hupanda ndani ya saa chache na hushuka upesi shida ikiisha. Haptoglobini huchukua kama siku moja kuonekana, hufika kileleni siku ya pili hadi ya nne, na huweza kukaa wiki moja au mbili. Faibrinojeni ni ya taratibu, haipandi kwa kishindo, lakini ina sifa moja ambayo mtu wa Mbale asiye na maabara kubwa ataipenda: unaweza kuipima mezani kwako.

Haptoglobini nayo ina uzuri wake kwa wanyama wanaocheua. Mbuzi mzima anayo kidogo mno, karibu na sifuri, kwa hiyo ikipanda haihitaji darubini ya akili kuonekana. Binadamu na mbwa huwa nayo wakati wote, na kwao unabaki kubishana kama imezidi au ni ya kawaida.

Mbiu hulia kijiji kizima, lakini haisemi moto uko nyumba ya nani. Hilo nililijua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningelijibu.

Sindano

Damu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Sindano ilikuwa nyembamba, Zabibu alirusha kichwa, nami kwa haraka nikaisukuma damu kwa nguvu kupitia sindano ile ile hadi kwenye kichupa. Kisha ikapanda boda boda nami, kwenye jua, njia yote ina mashimo. Nilipoizungusha kwenye mashine jioni, seramu, yale maji yanayobaki damu ikiganda, ilitoka nyekundu kama maji ya rozela. Seramu ya mbuzi huwa karibu haina rangi. Ni ng'ombe wa malisho ndiye huwa na ya manjano. Hata mwanafunzi angejua kwamba seli nyekundu zimepasuka.

Kwa haptoglobini kosa hilo ni baya kuliko kwa vipimo vingine vingi. Kazi yake mwilini ni kuikamata himoglobini iliyomwagika nje ya seli ili isipotee wala kudhuru, na vipimo vyake vya bei nafuu hutegemea tabia hiyo hiyo ya kukamata. Ukipeleka damu iliyopasuka umepeleka himoglobini yako mwenyewe, na jibu litakalorudi litakuwa la sindano yako.

Kesho yake, siku ya 23, nikarudia. Sindano nene, subira, na kabla ya kumimina nikachomoa sindano ili damu iteremke yenyewe ukutani mwa kichupa. Chupa mbili: yenye kifuniko chekundu, ambamo damu huachwa igande upate seramu, na yenye kifuniko cha zambarau, ambamo kuna dawa ya kuizuia isigande. Zote mbili zinahitajika. Damu ikiganda hula faibrinojeni yote, hivyo ukija na chekundu peke yake umekuja bila faibrinojeni. Nilichukua pia damu na maziwa ya mbuzi wengine watatu wa Hajati, nipate cha kulinganishia. Wazo hilo ndilo pekee la wiki ile ninalojivunia.

Jioni nikakaa mezani. Unajaza mirija miwili myembamba ya kioo kwa damu isiyoganda. Wa kwanza unauzungusha, seli zinashuka, unavunja mrija, unaweka tone la plazma, maji ya damu yaliyobaki juu ya seli, kwenye refraktomita, kifaa cha kuchungulia kwa mwanga, na kusoma protini yote. Wa pili baada ya kuzungushwa unautia kwenye maji ya nyuzi 56 hadi 58 kwa dakika 3. Faibrinojeni haivumilii joto hilo. Inaganda, unaona wingu jeupe likifanyika ndani ya mrija juu ya seli. Unazungusha tena, unasoma tena, unatoa. Zabibu alisoma gramu 7.8 mara ya kwanza na 7.1 mara ya pili, kwa desilita. Tofauti ni 0.7, yaani gramu 7 kwa lita. Mbuzi wa kawaida huwa na 1 hadi 4. Refraktomita ina mistari minene na jicho hukosea mstari mmoja kwa urahisi, kwa hiyo nilirudia mara mbili. Lile wingu lenyewe lilikuwa nene kiasi cha kutohitaji kusomwa.

Nilitandaza pia tone la damu kwenye kioo. Kati ya seli nyeupe, mbuzi mzima huwa na limfosaiti nyingi kuliko neutrofili, wale askari wa kwanza kwenda vitani. Kwa Zabibu hesabu ilikuwa imegeuka juu chini.

Kichwani mwangu kesi ikawa imekwisha. Kulia daraja 2, faibrinojeni juu, neutrofili juu. Kiwele.

Siku tatu za maziwa ya kumwaga

Nilimtibu pande zote mbili, dawa ya kuingizwa kwenye chuchu, siku tatu. Dawa hizo hufungwa kwa ajili ya ng'ombe, na ncha yake kwa chuchu ya mbuzi ni nene, kwa hiyo unaiingiza nchani kidogo tu usije ukachana mlango wa chuchu na kuwafungulia vijidudu wengine. Nilimwonya Hajati asigawe mrija mmoja wa dawa kwa mbuzi wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ndivyo alivyofanya mwaka uliopita, tena kwa ushauri wa muuza dawa. Sitamtaja muuza dawa huyo. Mrija uliogusa chuchu moja haurudi kwenye nyingine, hata ya mbuzi huyo huyo.

Maziwa yakamwagwa, yeye na wateja wake wawili wakiwa hawana raha. Siku ya 27 ikaja simu kutoka maabara ya Kampala nilikopeleka seramu kwa taksi ya njia ya Tirinyi. Sahani za kupimia haptoglobini zina visima 96, na maabara haiifungui kwa ajili ya mbuzi mmoja. Huigandisha seramu yako na kungoja wengine waje. Safari hii sahani ilikuwa karibu kujaa. Zabibu: gramu 1.4 kwa lita. Albumini gramu 24, ilhali kawaida huanzia 27 hivi. Nikafurahi. Nakumbuka nilimwambia mke wangu, nimepatia.

Kesho yake yakaja majibu ya maziwa. Upande wa kulia: vijidudu aina ya stafilokokasi, wa lile kundi la wapole, si yule mkali *aureus*, ambao ndio wageni wa kawaida kabisa katika viwele vya mbuzi. Upande wa kushoto: hakuna kilichoota.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Hawa wapole hukaa ndani ya kiwele kwa miezi, wakipunguza maziwa kidogo kidogo, mnyama akila na kucheua kama kawaida. Haptoglobini ya 1.4 na faibrinojeni ya 7 ni kelele kubwa mno kwa mgeni mdogo hivyo aliyejibanza upande mmoja wa kiwele laini. Kipimo na kiwele vilikuwa vinasimulia hadithi mbili, nami nilizishona kwa uzi mmoja kwa sababu nilikuwa nimeshika sindano.

Siku ya 31 nilirudi. Maziwa vikombe vitatu. Sahani: kushoto hakuna kitu, kulia daraja 2 vile vile. Faibrinojeni jioni ile: gramu 6.

Kuku

Kilichofungua kisa hakikutoka kwenye kichupa. Nilipokuwa nikifunga begi, mjukuu wa Hajati, kijana wa darasa la sita anayekata majani ya nepia na kuwalisha mbuzi, aliniuliza kwa adabu, macho chini:

"Dokta, na ule mguu?"

"Mguu upi?"

"Zabibu akila hunyanyua mguu wa nyuma kama kuku."

Mbuzi wanaofugwa ndani, kwenye banda la juu lenye sakafu ya mabanzi, hawatembei. Huwaoni wakichechemea kwa sababu hawana pa kwenda. Nami mara zote nilimkagua akiwa amefungwa kwenye kilingo cha kukamulia, kichwa kwenye pumba, mimi nimechuchumaa nyuma yake nikiwa na kazi na kiwele. Tulimshusha hadi uani. Alipiga hatua nne na kila mtu akaona.

Mguu wa nyuma wa kushoto, katikati ya kwato mbili, palikuwa na shimo dogo lililofunikwa na kinyesi kikavu. Nilipoosha na kubonyeza, usaha ulitoka mzito, na ndani yake kibanzi cha ubao urefu wa njiti ya kiberiti. Ubao mmoja wa sakafu, chini ya kihori, ulikuwa umechanika. Zabibu alikuwa amesimama juu yake kila alipokula.

Tukafungua, tukaosha, nikampa sindano ya kiuavijasumu ya siku kadhaa, kijana akapewa kazi ya kuuosha mguu asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Hajati akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo yale maziwa tuliyamwaga bure?" Nikamwambia upande wa kulia una vijidudu kweli, kwa hiyo si bure kabisa, Hajati. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Siku ya 45 nilichukua damu ya mwisho. Faibrinojeni gramu 3. Haptoglobini za siku ya 31 na ya 45 zilirudi pamoja sahani nyingine ilipojaa: ya kwanza 1.3, ya pili chini ya 0.1. Mguu ulikuwa umepona, Zabibu alikuwa akisimama kihorini na kula shibe yake, na maziwa ya asubuhi yalikuwa yamerudi lita moja na robo. Na kiwele? Kulia daraja 2. Nilipeleka maziwa tena, akaota stafilokokasi mpole vile vile. Damu ilinyamaza kabisa huku vijidudu wakiwa bado kiweleni.

Jambo hilo nililisoma mara tatu. Mbiu haikuwa ya kiwele hata siku moja. Tangu mwanzo ilikuwa ya mguu, na mguu ndio uliokata maziwa, kwa kuwa mbuzi anayeumia kusimama hali, na asiyekula hana cha kukamuliwa.

Mweusi, na kondoo wa jirani

Wale watatu wa kulinganishia ndio walionifundisha zaidi. Mmoja, Mweusi, alikuwa mwezi wa tano wa kukamuliwa. Upande wake mmoja ulikuwa daraja 3, maziwa yakisimama kwenye kikombe kama yai, na vijidudu waliota. Haptoglobini yake ilikuwa karibu na sifuri, faibrinojeni gramu 3. Mwenye kutegemea damu peke yake angempa cheti cha afya. Ugonjwa wa kiwele uliofichika, ukishazoeleka na kubaki mahali pamoja, mara nyingi hauiamshi ini. Wale wawili waliobaki walikuwa wazima kwa kila kipimo, nawaacha.

Upande wa pili wa shilingi niliuona mwezi huo huo kwa jirani anayefuga kondoo. Jike lenye mwanakondoo wa wiki tatu lilikuwa likiburuta mguu, halitaki kunyonyesha. Nusu moja ya kiwele ilikuwa baridi kama chungu cha maji, rangi ya zambarau ikielekea weusi, na mpaka wake na nyama hai ukionekana kama umechorwa kwa kalamu. Kwa kondoo kazi hiyo hufanywa na *Staphylococcus aureus*, au na *Mannheimia*, ambaye huishi kooni mwa wana wenyewe na kuingia wanaponyonya kwa nguvu chuchu iliyochubuka. Hapo haptoglobini ni ya nini? Aliye na pua anajua. Nilitandaza tone la damu hata hivyo, kwa udadisi, na seli nyeupe zilikuwa chache mno, neutrofili karibu zote changa. Anayesoma "seli nyeupe chache" na kupumua amesoma vibaya: zimekwisha kutumika, uboho unatoa watoto kwenda vitani. Jike lilipona, nusu ile ikaoza na kudondoka, mwana akalelewa kwa chupa.

Ninavyosoma damu sasa

Albumini nimeifuta kabisa kwenye orodha yangu ya viwele. Ile 24 ya Zabibu niliiandika daftarini kama ushahidi wa ini kubadili kazi. Lakini nilipomgeuza kope lilikuwa limepauka, na ujazo wa seli nyekundu ulikuwa asilimia 23, chini kabisa mwa kinachokubalika kwa mbuzi, ambacho ni 22 hadi 38. Ni minyoo, *Haemonchus*, yule mnyonya damu wa tumbo la nne. Kwa mvua za Mlima Elgon na nepia inayokatwa ikiwa na umande, mbuzi wengi wa hapa watakuwa na albumini ya chini kwa sababu inanyonywa. Wanaoandika kuhusu albumini ya mbuzi wa Ulaya hawana shida hiyo kwa kiwango chetu.

Haptoglobini bado naipenda, ila siiulizi tena kama kiwele ni kigonjwa. Naiuliza kama mwili wote unapigana, na kama vita inaisha. Sampuli moja ni picha. Mbili, zikipishana siku 8 hadi 14, ndizo zinazosema. Mbuzi aliyezaa ndani ya wiki moja simpimi, kwa kuwa kuzaa kwenyewe huipandisha, na kondo la nyuma likikwama ndiyo kabisa. Nikipata ya juu, kabla ya kugusa chuchu natazama kwato zote nne, meno, uke, majipu ya tezi, na nasikiliza mapafu. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaofika hadi mapafuni, ilipothibitishwa Karamoja, kaskazini yetu, mwaka 2007 kila mfugaji wa mashariki aliisikia, na mbuzi mwenye mapafu yaliyooza atakupa haptoglobini nzuri kuliko yoyote niliyoitaja hapa.

Ushahidi unaofaa kweli kwa kiwele uko kwenye maziwa yenyewe. Kuna aina ya amiloidi A inayotengenezwa na seli za kiwele, mahali penye ugonjwa, haingoji ini. Inaweza kupanda kwenye maziwa ya upande mmoja huku damu ikiwa kimya, na hapo ndipo Mweusi angekamatwa. Nayo ina mtego wake: dang'a huwa nayo tele, hivyo siku za kwanza baada ya kuzaa haisomeki. Kwa Mbale ya leo bado ni kipimo cha kwenda kuombea Kampala, kwa hiyo sahani ya vikombe viwili inabaki kuwa ya kwanza, kila upande peke yake, kila wiki mbili, na daftari. Ile tofauti kati ya kulia na kushoto ya mbuzi mmoja inaniambia mengi kuliko idadi yoyote.

Na kiwele kikiwa kigumu kama ubao pande zote mbili mara tu baada ya kuzaa, maziwa hayatoki lakini yakitoka ni mazuri, hapo nafikiria virusi, hasa kwa machotara wa mbegu za nje. Dawa ya chuchu haina kazi hapo, nayo haptoglobini haitakusaidia kuamua.

Upande wa kulia wa Zabibu tumeuacha. Dawa za kiwele hushinda zaidi mbuzi anapokaushwa kuliko anapokamuliwa, kwa hiyo atatibiwa wakati huo. Hadi hapo anakamuliwa baada ya wazima wote, Mweusi peke yake akimfuata, maziwa yake yanachemshwa kama ya wengine, na kitambaa chake hakigusi chuchu ya mwenzake. Hajati aliniuliza kama nitapima damu tena. Nikamwambia hapana, mama, hakuna ninachotaka kuiuliza. Wakati tukizungumza kijana alikuwa chini ya banda na randa ya kuazima kwa fundi, analainisha ubao wa tano.